Neno moja kwa mkia wa kifungu cha kwanza: nani analinda laisite ya Leta?



Tangu ile Oktoba 2024, wakati Rais wa Jamhuri alisimama Kisangani na kusema kwamba Katiba itaguswa, kila mtu hapa Kindu amekuwa mwalimu wa sheria. Ndani ya pirogi ya kuvuka Lualaba kwenda Alunguli watu wanabishana juu ya manda: mbili ao tatu, miaka mitano ao saba. Kwa mlango wa msikiti kisha swala ya Ijumaa, vilevile. Sawa, si vibaya. Mimi nilichukua Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006 nikaisoma kuanzia ukurasa wa kwanza, kwa sababu nilichoka kusikia watu wanatetea ao wanalaani kitabu wasichokifungua. Na nilikwama mapema sana, kwa kifungu cha 1.

Kifungu hicho kinapanga sifa za Leta yetu moja kisha ingine: Leta ya sheria, yenye uhuru, yenye enzi, moja isiyogawanyika, ya kijamii, ya kidemokrasia. Halafu kabisa kwa mkia, neno moja: laiki. Sifa zingine zote ziko na watu wa kuzililia. Wa demokrasia tunao, na wengine walikufa kwa ajili yake. Wa "isiyogawanyika" ndio usiseme, hasa tangu Goma na Bukavu zilianguka mwanzoni mwa 2025. Lakini laiki? Nimetafuta hapa Kindu chama, kundi, hata watu watano wa kukutana chini ya mwembe kwa ajili ya hilo neno. Sijapata. Njo hilo neno yatima nataka tulichambue leo, pamoja na maandishi mengine ya Leta ambayo yanaishi nalo nyumba moja bila kusalimiana.

Tuanze na maandishi yenyewe. Utangulizi wa Katiba unasema tunajua wajibu wetu mbele ya Mungu, Taifa, Afrika na dunia. Kifungu cha 74 kinamwapisha Rais mbele ya Mungu na taifa. Mtu mwenye haraka atasema: "Unaona, Katiba inajipinga yenyewe." Mimi sioni hivyo. Mungu wa utangulizi hana parokia, hana msikiti, hana akaunti kwa benki. Anatajwa, anaheshimiwa, kisha kazi inaanza. Kifungu cha 22 kinampa kila mtu uhuru wa mawazo, wa dhamiri na wa dini. Kifungu cha 13 njo kikali kuliko vyote: hakuna Mkongomani wa kubaguliwa kwa sababu ya dini yake, katika masomo, katika kuingia kazi za Leta, wala katika jambo lolote. Kifungu cha 45 kinarudilia jambo hilo kwa ajili ya mlango wa shule. Mpaka hapo walioandika walifanya kazi nzuri, na ningependa kuwaambia ahsante.

Udhaifu uko kwa kifungu cha 220, kile cha kufuli. Hapo wametaja mambo ambayo hata wabunge wote wakikubaliana hawawezi kuyagusa: mfumo wa jamhuri, kura ya wote, hesabu na muda wa manda za Rais, uhuru wa mahakama, wingi wa vyama na sindika. Wanaongeza kwamba haki na uhuru wa mtu haviwezi kupunguzwa. Soma mara mbili, mara tatu. Laiki haimo. Maana yake uhuru wako wa kuswali ao kusali uko ndani ya sanduku, ufunguo umetupwa mtoni. Lakini ahadi ya Leta ya kutokuwa na kanisa lake iko nje, kwa baraza, na mpita njia yeyote mwenye wabunge wa kutosha anaweza kuibeba. Katika kelele zote hizi za kubadilisha Katiba, watu wote wamekodolea macho manda za Rais. Sijasikia mtu mmoja akiuliza juu ya hilo.

Kwa nini hakuna anayeuliza? Sababu ya kwanza ni ya lugha, na ninyi mliosoma barua mtanikosoa nikikosea njia. Hatuna neno. Majirani wa Tanzania wameandika ndani ya ibara ya 3 ya Katiba yao kwamba nchi yao ni "isiyokuwa na dini". Ni Kiswahili safi. Lakini jaribu kumwambia mama muuza mihogo wa hapa Kasuku kwamba Leta yetu haina dini. Atasikia: Leta ya wapagani. Atakujibu kwamba ndiyo sababu bararaba zinaharibika. Kwa hiyo tunabaki na neno la Kifaransa, na hilo neno nalo lina pacha wake kanisani. Kwa Wakatoliki laiki ni muumini asiyekuwa padiri wala mtawa. Mama yangu ni laiki, wa Lejio ya Maria, na hakuna mtu aliye ndani ya Kanisa kuliko yeye.

Pacha hawa wawili wamefanya jambo la ajabu katika historia yetu. Kundi lenye kubeba neno laiki ambalo kila Mkongomani analijua ni Komite Laiki ya Uratibu, ile CLC. Ilianzia kwenye maandamano ya Wakristo ya tarehe 16 Februari 1992, yale yaliyopigwa risasi Kinshasa. Ikarudi tena tarehe 31 Desemba 2017, kisha 21 Januari na 25 Februari 2018, ili kudai uchaguzi. Thérèse Kapangala, msichana aliyekuwa anajitayarisha kuwa mtawa, aliuawa Januari kwa parokia ya Kintambo. Rossy Mukendi aliuawa Februari kwa parokia ya Lemba. Siwezi kucheka na jina la komite iliyolipa bei hiyo. Ninasema tu kwamba katika nchi yetu kundi "laiki" lenye nguvu kuliko yote linaanzia kwa altare, na ukimwambia kijana wa Kindu kwamba unataka kuanzisha kundi la kutetea laisite atakuuliza: ni la parokia gani?

Kwingine mambo yalikwenda njia ingine, na inafaa tuyaangalie bila kuyaabudu. Kule Marekani kundi linaloitwa Americans United lilianza mwaka 1947, na walioanzisha wengi wao walikuwa wakubwa wa makanisa ya Kiprotestanti. Hawakuwa wanapigana na Mungu. Waliogopa kodi yao isiende kulipia shule za Kanisa Katoliki. Kuanzia 1992 hadi 2017 kundi hilo liliongozwa na Barry Lynn, ambaye ni mchungaji. Kisha katika miaka ya 1970 likazaliwa lingine, Freedom From Religion Foundation, la mama na binti yake, Anne Nicol Gaylor na Annie Laurie Gaylor, huko Wisconsin. Hilo linakusanya hasa watu wasioamini. Makundi mawili, kesi karibu zilezile mbele ya mahakama, lakini mlango wa kuingilia tofauti kabisa.

Ubelgiji, ambayo tuliridhi sheria zake nyingi, ni kichekesho kingine. Huko watu wa laisite wamejipanga vizuri sana mpaka sheria ya 2002 ikawapa haki ya kulipwa na Leta sawa makanisa. Watetezi wa kutenga Leta na dini wanapokea mshahara kwa dirisha moja na maaskofu! Sisemi ni vibaya. Ninasema ukikaa muda mrefu kando ya sahani, mkono unajua njia.

Karibu nasi, Kenya. Katiba yao ya 2010 inasema katika ibara ya 8 kwamba hakutakuwa na dini ya taifa. Mwaka 2016 chama cha wasioamini, Atheists in Kenya, chini ya Harrison Mumia, kikaandikishwa. Miezi haikupita mingi kikasimamishwa, wakalazimika kwenda mahakamani. Ninaheshimu moyo wao. Kuandikishwa ni haki, na Leta inayoogopa karatasi ya watu wachache ni Leta dhaifu. Lakini kama ni mfano wa kufuata kwa Kindu, mimi ninaukataa. Ukijiita chama cha wasioamini, swali la Leta umeligeuza kuwa swali la Mungu, na kwa swali la Mungu utashindwa kabla ya saa sita, hapa penye kila bara na kanisa lake la uamsho na spika zake. Laisite haiulizi kama Mungu yuko. Inauliza nani ananijibu mimi raia wakati mlango wa ofisi ya Leta umefungwa mbele yangu.

Na huo mlango, kwetu, unaitwa shule.

Hapa niruhusuni nikae, maana njo penye nyama. Mkataba wa kwanza mkubwa ni wa tarehe 26 Mei 1906, kati ya Leta Huru ya Kongo ya mfalme Léopold na Vatikani. Leta inatoa ardhi, hekta 100 kwa kila misheni, na zinaweza kufika 200 kulingana na mahitaji ya misheni. Misheni inafungua shule. Sisi wa agronomia tungepaswa kuusoma mkataba huo kwa darasa, kwa sababu ndani yake programu ya shule imetajwa: kilimo na elimu ya misitu, pamoja na kazi za mikono. Yaani mababu zetu walifundishwa agronomia kwa hekta za mkataba, na misitu iliyotoa hekta hizo haikuulizwa lolote. Lakini nisipotee. Kisha ile, pesa za shule zilienda kwa misheni za Kikatoliki kwa miaka mingi. Waprotestanti walianza kupata kisha Vita ya Pili ya Dunia. Waislamu wa Maniema, ambao walikuwa hapa Nyangwe na Kasongo tangu karne ya 19, na walioleta lugha hii ninayoandikia, hawakupata kitu. Wakoloni waliwaangalia sawa watu wa Tippu Tip waliosahauliwa vitani, wa kuchungwa, si wa kusomeshwa. Mwaka 1954 waziri mmoja wa makoloni, Auguste Buisseret, mliberali, akafungua shule laiki za Leta kwa watoto weusi. Maaskofu na misheni wakapandisha sauti, siasa ya Brussels ikawaka moto. Hiyo njo laisite ya kwanza tuliyoiona: ilikuja na meli, ugomvi wa Wabelgiji na Wabelgiji.

Ya pili ilikuja na Mobutu, na hiyo njo iliyotuharibia neno. Chuo kikuu cha Lovanium kilichukuliwa 1971. Mwaka 1972 majina ya Kikristo yakakatazwa, Kardinali Malula akalazimika kukaa Roma kwa miezi. Mwishoni mwa 1974 shule zote za makanisa zikawa za Leta. Kwa karatasi, hiyo ilikuwa laisite kamili. Kwa kweli ilikuwa kuondoa msalaba ukutani ili kutundika picha ya mtu. Wazee wetu wanaokumbuka wanasimulia madawati yaliyopotea, mishahara iliyoliwa, vitabu vilivyouzwa sokoni. Miaka mitatu haikutimia, Leta yenyewe ikaenda kugonga kwa maaskofu: chukueni shule zenu, tafazali. Njo Mapatano ya tarehe 26 Februari 1977, na Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu. Waislamu wakaingia kisha. Tangu hapo tuko na zile shule tunazoita konvansione, na mpaka leo sehemu kubwa ya watoto wa nchi hii wanasomea humo.

Nimesoma Mapatano hayo sawa maandishi, si sawa adui. Ni maandishi ya ndoa ya watu waliokwisha kuachana: kila mstari unasikia ugomvi wa nyuma. Leta inabaki na mamlaka: inaweka programu, inatuma inspekta, inalipa. Kanisa linasimamia: linachagua prefe na direkteri, linaweka na kuhamisha walimu, linalinda roho ya nyumba. Upande wa kanisa umelindwa vizuri. Upande wa Leta vilevile. Mtu mmoja tu njo hana kiti katika maandishi hayo: mwalimu anayetafuta kazi. Ni fonksionere wa Leta, analipwa na Leta kupitia SECOPE, leo DINACOPE, lakini mlango wake wa kuingilia uko mkononi mwa kordinasio ya kanisa. Kama mlango haukufunguliwa, aende kulalamika wapi? Kwa Leta atajibiwa: si sisi tunachagua. Kwa kordinasio atajibiwa: sisi ni wasimamizi, ngoja Leta ifungue nafasi. Mpira unakwenda na kurudi, na wewe umesimama katikati na dosie yako chini ya kwapa.

Wasomaji wengi wa ukurasa huu mnajua ninazungumzia nini. Promosio yetu ilikuwa na dada mmoja, Mwislamu wa upande wa Kasongo, mwenye pointi kuliko mimi katika fiziolojia ya mimea, na alama hizo ziko na saini. Tulipeleka dosie pamoja kwa shule moja ya sekondari, sitaitaja, iliyotafuta mtu wa biolojia. Kwa ile siku hakuna aliyetuuliza kitu juu ya klorofili. Mimi niliulizwa parokia yangu na jina la padiri wangu. Yeye hakuulizwa kitu. Aliambiwa kwa upole sana, karibu kwa huruma: "Dada, wenu nao wako na shule zao, hujajaribu huko?" Ni sentensi laini, lakini inavunja kifungu cha 13 katikati. Mshahara wa nafasi ile ni wa Leta. Haukuwa mshahara wa padiri, wala wa imamu, wala wa pasta. Na ili nisionekane ninaonea upande mmoja: rafiki yangu mwingine, Mprotestanti, alipata jibu lilelile kwa shule ya Kiislamu, kwa upole uleule. Tumegawanya hazina ya Leta sawa nyama ya harusi, kila ukoo na paja lake. Na wale wasio wa paja lolote, wa kanisa dogo la bara la tatu, ao yule asiyesali kabisa, wanakuwa NU na NP maisha yao yote, kama wameingia.

Sasa nawasikia mnaosema: bila hao bapadiri, mungesoma wapi? Ni swali la haki na ninalijibu kwa haki. Nimefanya utafiti wa mpunga katika vijiji ambako kitu pekee chenye bati ni shule ya misheni. Nilikuta mwalimu anafundisha darasa mbili kwa wakati mmoja, na aliyemletea chaki hakuwa inspekta. Alikuwa katekista kwa kinga. Leta haikuwa pale. Kwa hiyo mtu akisema tuwapokonye makanisa shule zote kesho asubuhi, mimi nitakuwa wa kwanza kumpinga, kwa sababu tulikwisha kuona sinema hiyo mwaka 1974. Ninachotofautisha ni kusimamia na kumiliki. Mtu anaweza kulima shamba la mwingine kwa uaminifu miaka 50, na akastahili sifa na sehemu ya mavuno. Lakini siku anapoanza kuchagua nani apite kwenye njia ya kijiji inayokata shamba, wenye kijiji wako na haki ya kuuliza.

Nje ya shule tabia ni ileile. Tangu Askofu Monsengwo aongoze Konferansi ya Taifa mwaka 1991 na 1992, Leta yetu ikikwama inamwita mtu wa Mungu. Uchaguzi wa 2006 uliongozwa na Abbé Malu Malu, wa 2011 na mchungaji Ngoy Mulunda. Mapatano ya usiku wa tarehe 31 Desemba 2016 yaliandikwa chini ya maaskofu. Na sheria ya CENI inawapa wakubwa wa dini kazi ya kutuletea rais wa tume. Mnakumbuka 2021: madhehebu nane, sita yakamtaka Denis Kadima, Wakatoliki na Waprotestanti wa ECC wakakataa, matusi yakaruka, mwisho Rais wa Jamhuri akasaini Oktoba. Watu wengi walihukumu habari ile kwa kuuliza nani alihongwa. Mimi ningependa tuulize jambo la mbele zaidi: kwa nini refa wa uchaguzi wa Leta laiki anachaguliwa na maaskofu, wachungaji na maimamu? Jibu la kweli ni kwamba hatuaminiani, na tunaamini kanzu kuliko kravati. Ninalielewa. Lakini mwaka ule kanzu nazo ziligawanyika mbele ya macho yetu, na hakuna kifungu kilichosema tufanye nini kanzu zikigawanyika.

Tena kuna jambo dogo la karatasi ambalo halizungumzwi sana. Tarehe 20 Mei 2016 Leta yetu ilisaini Vatikani mapatano ya jumla na Kanisa Katoliki. Ni mkataba kati ya mamlaka mbili za kimataifa, na kwa kifungu cha 215 cha Katiba mkataba uliokamilika na kutangazwa unapita sheria za ndani. Dini zingine, pamoja na msikiti wa Kasongo uliokuwako kabla ya Leta yenyewe, ziko chini ya sheria nambari 004 ya tarehe 20 Julai 2001, ile ya vyama visivyo vya faida, sawa chama chetu cha wasomi. Wakatoliki hawakuiba kitu. Vatikani ni dola, inajua kuandika mikataba. Ninauliza tu: katika Leta laiki, mizani hiyo nani anaishika?

Watu wa kuishika wangeweza kuwa vijana. LUCHA ilizaliwa Goma mwaka 2012, Filimbi 2015, na zimetufundisha kwamba inawezekana kukaa chini barabarani bila bunduki na Leta ikaogopa. Zimelilia maji, kazi, kalenda ya uchaguzi, amani. Nimefuata kazi zao tangu nikiwa darasa la kwanza la chuo. Laisite sijaiona kuwa kazi yao kubwa, na nadhani ninajua sababu. Ukiwa unafukuzwa na polisi, mlango unaofunguka ni wa parokia. Huwezi kumwuliza mtu aliyekuficha chini ya kitanda hati ya nyumba yake. Hilo njo fundo lenyewe la Kongo: Kanisa limekuwa kinga yetu mbele ya Leta mbaya, na kwa hiyo kila anayetaka kulitenga na Leta anaonekana anataka kutuvua koti wakati wa mvua. Hata sasa, CENCO na ECC wanapotembea na mpango wao wa amani kutoka mji hadi mji, nani ana uso wa kusimama na kusema "rudini sakristi"? Si mimi. Mpatanishi haombi ruhusa ya kifungu cha 1 ili apatanishe. Kuombea nchi, kukemea Rais, kuandamana, kuandika barua ya kuchungaji: hiyo yote ni uhuru wa kifungu cha 22, na laisite ya kweli inaulinda. Leta laiki ndiyo pekee ambayo askofu anaweza kuikemea bila kuwa mtumishi wake. Malula alilijua hilo kwa mwili wake.

Kwa hiyo kundi la laisite ninaloliona kwa Kindu halifanani na la Wisconsin wala la Nairobi. Ningelitaka liwe na mwanamke wa Lejio ya Maria, na kijana wa COMICO, na Mkimbangu, na yule ndugu yetu anayesema wazi hasali. Lisizungumzie Mungu kabisa. Lianze na nafasi za kazi: kila nafasi ya mwalimu inayolipwa na Leta, kwa shule yoyote ya mapatano, ibandikwe ukutani pamoja na masharti yake, na anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi. Kanisa linataka mwalimu wa katekesi awe Mkatoliki? Ni haki yake, nani atabisha. Mwalimu wa biolojia, wa hesabu, wa kilimo, sababu ya parokia isikubaliwe. Kwa hilo hakuna haja ya kubadilisha Katiba, kifungu cha 13 kinatosha. Kama kweli Katiba itafunguliwa, basi kundi hilo liwe tayari na mstari mmoja wa kuongeza kwa kifungu cha 220. Habari ya spika za usiku na mikesha wengi mtanitajia, lakini mimi ningeiacha kwanza. Itatugombanisha na kila jirani kabla hatujapata hata nafasi moja ya kazi.

Nilimweleza mama mawazo haya. Aliniuliza kama ninaacha kusali. Nikamwambia hapana, nikamsimulia yule dada wa Kasongo. Akanyamaza kidogo, akasema: "Lakini si alikuwa na pointi?" Sijasikia hoja bora kwa wale wote wa kravati wanaotufundisha laisite kwa Kifaransa kikubwa.

Fotokopi ya Mapatano ya 1977 na ya kifungu cha 13 nimeziacha kwa mwenzetu wa sekretariati ya asosiasio, upande wa Kasuku. Anayetaka kusoma aende na franga za kutoa kopi yake, kurasa si nyingi. Wa Kasongo, Kibombo na Punia wakipata nafasi iliyobandikwa ukutani ikiwa na sharti la dini, wapige picha ya karatasi, wafiche majina ya watu, watuletee.